Ganzi ya Jicho la Kushoto

Jicho la kulia la mzee Vedasto lilikuwa limekwisha kufa kwa presha ya macho. La kushoto ndilo lililomtoa kijijini Ipole hadi hospitali moja mjini Tabora, apasuliwe ili maji yaliyolijaa yapate njia. Likifa na hilo, ni giza.

"Shikamoo, mzee," alisema daktari Zuena.

"Marahaba, mwanangu."

"Nakuchoma ganzi pembeni ya jicho. Dawa yenyewe huongeza presha kidogo, kwa hiyo nitalifunga pamba na mkanda, likandamizwe, tusubiri lilegee. Likianza kukaza au kuuma, niambie hapo hapo."

"Choma."

Baada ya sindano alilazwa chumba cha kusubiri, binti yake Dafrosa akamshika mkono. Kitanda cha pili alilala Nassibu, fundi cherehani wa Kanyenye, naye kafungwa jicho, akiguna bila kupumzika.

"Fundi," alisema Vedasto, "si unachomwa na sindano kila siku?"

"Ya cherehani naiona inakuja, mzee. Hii imepita kichochoroni."

"Kwenye mzinga ungetuua wote."

Warina asali wa kwao hawaguni. Aliye juu ya mti akiumwa hunyamaza, maana wanaamini sauti ya maumivu huamsha mzinga mzima, nyuki wakawashukia walioshika kamba chini. Vedasto alifundishwa hivyo kabla hajaota ndevu.

Zuena alirudi, akamwendea Nassibu kwa kuwa ndiye aliyelalamika. Akalibonyeza jicho kwa kidole. Laini.

"Huna tatizo, fundi. Una mdomo tu. Mzee Vedasto, wewe?"

"Sina neno."

Akaingia chumba cha upasuaji kummalizia mgonjwa mwingine.

Dafrosa aliona vidole vya miguu ya baba yake vikijikunja. "Baba, linauma?"

"Nyamaza, mama."

"Nimwite daktari?"

"Nimesema nyamaza."

Akanyamaza. Kiganja alichokishika kilikuwa kimelowa jasho.

Zuena alipokuja kumchukua, akafungua pamba. Jicho lilikuwa limetokeza nje, jekundu, gumu kama kokoto. Mshipa ulikuwa umepasuka nyuma yake; damu ilijaa na kulisukuma. Aliikata kona ya kope pale pale kitandani, jicho lipate nafasi. Damu ikatiririka shavuni. Vedasto hakuguna.

"Mzee, kwa nini hukusema?"

"Ningelia, ungeogopa. Ungeniharibia kwa mkono unaotetemeka."

Zuena aliifuta damu shavuni. Alisubiri, akaligusa tena jicho, lilikuwa limelegea. Akawasha tochi, akaisogeza karibu kabisa.

"Unaona mwanga?"

Mzee aligeuza uso taratibu, huku na huko, akiutafuta. Dafrosa aliitazama tochi ikiwaka mbele ya baba yake.

"Washa basi, mwanangu," alisema Vedasto. "Niko tayari."