Bangili Yenye Punje

Bangili za Baba hazilii. Huziumba kwa nta juu ya udongo, huzifunika udongo tena, huyeyusha nta na kumimina shaba. Zikipoa, hukwangua udongo wa ndani wote. Lakini siku jumba la mfalme lilipoagiza bangili ya kipimo chembamba kama mkono wa dada yangu Alugba, Baba aliiachia punje ya chuma ndani, ilie akitembea.

"Nani mwingine mle ana kijikono kama kile?" alisema. "Ni yake."

Alugba alikuwa amechukuliwa kitambo awe mke wa mfalme, na tangu hapo hatukujua kama yu hai. Wake wa mfalme hawatazamwi. Wakienda chemchemini hutanguliwa na kengele, na kila mtu hugeukia ukuta mpaka wapite. Baba hana ruhusa ya kuacha tanuri, kwa hiyo kusikiliza kukawa kazi yangu. Alinitania kwamba nikiulizwa jina langu humkimbilia yeye anijibie, basi kusikiliza tu kutanifaa.

Nikawa naenda kila asubuhi. Kengele ikilia, nilibandika paji la uso ukutani. Nyuma yangu zilipita nyayo, vikohozi, vicheko vya watu nisiowajua. Ukuta ule niliuzoea kuliko nyuso za majirani.

Baada ya mavuno, sauti ikaja. Ndogo, chiki, chiki, kwa kila hatua.

"Alugba. Dada, ni mimi, Agosi."

Hatua zikasita.

"We mtoto, utatuponza," ilisema sauti nzito, ngeni kabisa. "Mimi si huyo. Hii nimepewa juzi na mkubwa wetu. Inanibana hata haivuliki."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Tuko wengi mno mle ndani, mwanangu."

Kengele ilikuwa imeshafika mbali. Akawakimbilia wenzake.

Nyumbani Baba aliacha mivukuto ya tanuri aliponiona, akauliza kama ililia.

"Ililia, Baba."

Akaketi chini palepale kwenye majivu, akacheka huku anajifuta macho. Akataka kujua anatembeaje, haraka au polepole. Nikasema polepole. Akasema ndivyo alivyo, tangu mdogo hana haraka.

Jioni alikula ugali wake wote na kuomba mwingine. Mimi nilikaa na bakuli langu, nikingoja aniulize jambo lingine. Hakuuliza.