Minyaa ya Mpakani

Kitu cha kwanza Raissa alichokiona kilikuwa mzizi mweupe, umening'inia nje ya udongo kama uzi uliofumuka. Ulikuwa wa mnyaa wa tatu kwenye ua wa miti uliokuwa mpaka wao na jirani yao Kastori. Baada ya mvua kubwa mnyaa wenyewe ulianguka, na Kastori akaonekana akiusimamisha palepale ulipoangukia, hatua mbili ndani ya kiwanja cha kina Raissa.

"Ametuzoea," alisema mama yake, Emiliana. "Anadhani sisi tuliokuja hapa Burundi kutoka Tanzania hatujui mpaka. Na mfereji huu unaopita kando ya minyaa kachimba yeye, ili udongo uporomoke."

Tangu arudi kutoka Muyinga, alikokaa miezi miwili akimuuguza dada yake, Emiliana hakumwamini mtu. Kastori akishika jembe, alimchungulia dirishani. Akimsalimu, alijiuliza anataka nini. Mwisho akawaita wazee wa kilima, waamuzi wa ugomvi wa majirani. Kama wangemwona Kastori kuwa mwizi wa ardhi, bustani yake ingemegwa, na jina lake lingeharibika Gitega nzima.

Walikuja watatu, asubuhi.

"Bon, we Mama Raissa," alisema Kastori, "mi nilikuwa Bukirasazi napanda maharage. Nikirudi, nimekuta mfereji iko."

"Nani alikuona huko?"

"Maharage."

Wazee wakacheka. Emiliana hakucheka. "Basi na minyaa imeota miguu," alisema.

Mzee Venansi alitazama juu ya mteremko, mji unakopandia, mabati mapya yaking'aa. "Pale palikuwa mikaratusi. Yote imekatwa kuchomea matofali ya nyumba zile. Tangu hapo joto haliondoki, na mvua inakuja yote siku moja."

"Mikaratusi haichimbi mfereji, mzee," alisema Emiliana.

Wazee wakatazamana, kisha wote wakamgeukia Kastori. Yeye akaitazama mikono yake, kana kwamba hata yeye ameanza kuishuku.

Raissa hakuwahi kusema neno mbele ya wazee. Alisikia sauti yake ikitoka, ndogo, kama ya mtu mwingine.

"Mama, ulipokuwa Muyinga walikuja wenye zile nyumba za mabati. Waliomba maji ya mapaa yao yateremkie hapa mpakani. Niliona haya kukataa. Niliwaitikia kwa kichwa, wakachimba mfereji huu."