Wanafunzi wa Kwenye Boriti

Ulifika pale. Usiseme hukufika. Siku ya wazazi ya mwaka wa themanini ulikaa benchi la mbele, ukanywa soda, ukapiga makofi yaliposomwa majina ya walioshika namba. Ungeinua macho kidogo tu ungewaona. Ulitazama viatu vyako mpaka mkutano ukaisha. Basi sikiliza ulichokataa kuona.

Shule ilikuwa ya serikali, ya kidato cha kwanza na cha pili, mwendo mfupi kutoka soko la Matiliku. Nusu ya wanafunzi walikuwa watoto wa sokoni: wa wenye maduka, wa makarani, wa walimu. Nusu nyingine walitoka ng'ambo ya mto, ule mto wa mchanga ambao maji yake hupatikana kwa kuchimba. Kila asubuhi mwanafunzi alitakiwa kuleta debe la maji ya kufyatulia matofali ya maabara mpya. Mtoto wa sokoni aliruhusiwa kuleta kipande cha sabuni badala yake.

Mwezi wa sita, mvua ikiwa imekataa mara ya pili, watoto wa ng'ambo walianza kupaa. Wakija na debe kichwani walitembea kama mtu yeyote. Wakishamwaga maji kwenye shimo la udongo, visigino vilitoka ardhini, na kufikia kipindi cha hesabu walikuwa juu, migongo kwenye mabati, mikono imeshika boriti. Mtu ambaye hajala tangu juzi hana uzito wa kumkalisha kitini. Hilo lilijulikana.

"Wewe Kisilu, chunga misumari," mwalimu wa hesabu alisema, akaendelea na desimali.

Juu kulikuwa na joto. Kalamu zilianguka, na watoto wa sokoni wakazirusha zirudi, au wakabaki nazo.

"Nyinyi popo, mkitaka kukojoa mseme mapema!"

"Fungua mdomo, utajua!"

Walicheka wote, wa chini na wa juu. Kalondu hakucheka. Alikuwa kidato cha pili, na kwao walishakubaliana: akipita mtihani wa mwisho wa mwaka, ataenda kusoma kidato cha tatu Kitui, akae kwa mjomba. Asipopita, kuna mzee wa Mukuyuni aliyekuwa ameshaleta mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga uchumba. Mbuzi hao walilala nyuma ya jiko, na kila jioni ni yeye aliyewatafutia majani.

Mwalimu wa Kiingereza, Madam Hasina, mzaliwa wa Mwingi, ndiye aliyegundua kwamba ukiwa kwenye boriti ubao hausomeki. Aliushusha ukutani, akaulaza sakafuni, akaandika herufi kubwa. Watoto wa sokoni waliuzunguka wakiwa wamesimama. Wa juu waliusoma vizuri kama mwewe anavyosoma kuku. Muhula huo Kalondu akawa wa kwanza, na waliomfuata wengi wao walikuwa wa boriti.

Wazazi wa sokoni walikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu, Bwana Musembi, wakalalamika kwamba watoto wao wanaumia shingo. Kesho yake ubao ulirudi ukutani. Alama za boriti zikaanguka, na siku ya wazazi Musembi akaeleza kwamba watu wa ng'ambo, kwa asili yao, si watu wa masomo. Ulikuwapo akisema. Soda ilikuwa bado mkononi.

Wiki ya mtihani Musembi alitoa tangazo kwenye paredi. "Mtahiniwa ni mtu aliyeketi kwenye dawati lenye namba yake. Asiyeketi hayupo. Na asiyekuwepo hawezi kutushushia wastani."

"Na maji ya asubuhi, mwalimu?" Kisilu aliuliza.

"Maji ni kama kawaida. Matofali hayajui mtihani."

Siku ya karatasi ya kwanza watoto wa ng'ambo walimwaga maji kwa kuogopa kiboko, wakapaa. Kalondu alilipita shimo la udongo bila kusimama. Aliingia darasani, akaketi penye namba yake, akaliweka debe mapajani na kulifunga kiunoni kwa leso ya mama yake. Akakaa chini kabisa, kama mtoto wa mwenye duka.

Musembi alikuja akasimama mbele yake. "Msichana, hayo maji ni ya nani?"

"Ni yangu, mwalimu. Nimeyachimba mimi."

"Chombo hakiruhusiwi kwenye mtihani."

"Hata hayo makopo yao ya rula na bikari ni vyombo, mwalimu."

Mtu mmoja juu ya boriti akakohoa.

"Mwalimu Mkuu, mwache," Madam Hasina alisema akiwa dirishani. "Si ameketi? Si ulisema aliyeketi?"

"Madam, hapa wewe ni mgeni. Ukitaka nikutafutie shule karibu na kwenu, sema."

Madam Hasina akageuka kutazama nje.

Musembi akaanza kufungua fundo la leso. Kalondu akainamisha kichwa ndani ya debe, akanywa. Alikunywa bila kupumua mpaka tumbo likakaza na shati likalowa, na fundo lilipofunguka, maji yaliyobaki yalipelekwa kwenye matofali.

Hakufika kwenye boriti. Alipanda kidogo tu, akasimama hapo hewani, mikono ikiwa bado inafikia dawati. Musembi alichukua rula, akaipitisha kati ya sketi na benchi. Rula ilipita.

"Hajaketi," akasema. "Hayupo."

Kalondu aliandika vilevile, akajibu maswali yote. Wakati wa kukusanya, zilichukuliwa karatasi za walioketi, na yake ikabaki mkononi.

Shule ikashika namba ya kwanza katika tarafa. Alichinjwa fahali, na nyama ililiwa na walioketi. Kalondu alipelekwa Mukuyuni. Mumewe alimfunga jiwe la kusagia mguuni asije akapotea, na majirani wakamsifu kuwa mwanaume mwangalifu. Maabara ilikwisha, ina milango ya kijani. Madam Hasina bado anafundisha pale pale, na ubao uko ukutani.

Wengine hawajashuka. Kisilu ana ndevu sasa. Wanaofika wapya huonyeshwa naye mahali pa kushika, pasipo na misumari.

Mtihani wa mwaka huu ni kesho saa mbili asubuhi. Unga unao, usinidanganye. Beba sufuria ya uji, pita kati ya ofisi na shimo la udongo, na atakayekuzuia mwagie miguuni uone kama hataruka. Wape wa boriti wanywe kabla ya kengele. Weka karatasi hii chini. Washa moto.