Saba kwa Kumi

"Mimi goti likipita tu mbele yangu, nazijua tabia zake zote," Bibi alimwambia daktari wa viungo, kifua mbele. Kisha akashusha sauti: "Hebu nishike mkono nikae. Langu limegoma."

Kazi ya Bibi klabuni ilikuwa kufua jezi. Lakini tangu mjukuu wake, kipa wa timu ya wanawake, aumie goti la kulia, alijipandisha cheo akawa karani wa kuhesabu mazoezi. Miezi tisa mizima, katika chumba kinachonuka dawa ya kuchua na soksi, alihesabu kuchuchumaa, kupanda kibao, kuruka na kutua bila goti kupinda kwa ndani.

"Bibi, kumi na moja umeshaisema mara tatu!"

"Shule yangu iliishia hapo, mke mwenzangu. Ruka."

Alhamisi hiyo ilikuwa ya kipimo cha mwisho. Jina la kipa lisipopelekwa kwa kocha jioni ile, fainali angedaka mwingine. Daktari alipima mapaja yote mawili kwa tepu: sawasawa. Akamwambia aruke kwa mguu huu na ule: sawasawa.

"Goti limepona. Maumivu je, sifuri mpaka kumi?"

"Saba," alisema mjukuu, macho ukutani.

"Jana ulisema sifuri!"

"Leo saba."

Bibi akakunja uso. Wachezaji aliowajua yeye walidanganya kushusha. Mwenye goti kama boga husema mbili ili apangwe. Huyu anapandisha! Basi kinachouma si goti, ni ile siku aliyotua vibaya akabebwa kwa machela. Na woga haupimwi kwa tepu.

"Haya, saba ni nyingi," akasema kwa upole uliotiliwa shaka na kila aliyemjua. "Nisindikize uwanjani, nisije nikaanguka."

Walisimama kando ya nguzo ya goli, timu ikiwa mazoezini. Bibi akamnong'oneza jambo kipa wa akiba, naye akatoka golini, akaenda mbali mno kufunga kamba za viatu. Mshambuliaji akaliona goli tupu. Akapiga.

Mjukuu aliachia mkono wa Bibi, hatua mbili, akaruka, akaupangua mpira juu ya mwamba. Akatua kwa mguu wa kulia, goti likielekea sawa na kidole cha mguu, halikupinda kwa ndani. Uwanja mzima ukapiga yowe.

"Ngapi sasa?" Daktari aliuliza kutoka nyuma yao.

Mjukuu akalitazama goti lake, akacheka mpaka machozi. "Sifuri. Ilikuwa sifuri tangu asubuhi, daktari. Peleka jina." Kisha akamgeukia Bibi. "Na wewe! Umepanga haya?"

"Mimi? Nimefuata jezi chafu tu, nikazifue."

"Zipi, Bibi? Mbona wote bado wamezivaa?"