Mwani Kwenye Kikombe

Kila Jumapili, ibada ya Kiswahili ilipokwisha, Bernardine aliteremka hadi ukumbi wa chini wa kanisa walilopanga kule Richfield, pembeni mwa Minneapolis, Amerika, akabandika sufuria mbili. Moja ilikuwa ya Wakenya, yenye maziwa. Nyingine ilikuwa ya Wakongo, ya rangi, yenye tangawizi. Jambo hilo liliamuliwa kwa kura zamani, na hakuna aliyetaka lifufuliwe.

Machi ya mwaka 2017, theluji ikiwa bado imeegemea madirisha, chai ilikuwa na chumvi.

"Maman Reine," mumewe Murhula alisema, "leo umechanganya makopo."

Bernardine akaonja. Ilikuwa chumvi kweli, tena baridi, na kitu kama uzi kikamgusa mdomo. Akamchotea Jeptoo kutoka sufuria ileile. Jeptoo, muuguzi aliyekulia Kericho kwenye mashamba ya chai, akasema ni tamu, sukari labda imezidi. Kisha akachungulia kikombe cha Bernardine.

"Haya si majani ya kwetu, Mama Reine. Haya ni ya Uchina. Na hicho kijani ni mwani."

Bahari ya karibu ilikuwa mwendo wa siku mbili kwa gari. Wakapita meza kwa meza wakiuliza, na kabla mkate haujaisha walikuwa wameshaielewa kanuni. Chai ilikuwa chumvi kwa kila aliyekatwa kodi kwenye mshahara bila kuwa na haki ya kupiga kura. Kwa raia ilikuwa tamu. Kwa watoto pia. Kwa Mama Maombi, aliyefika majuzi kutoka kambi ya wakimbizi na hajapata kazi, ilikuwa tamu. Alipoajiriwa kufua mashuka ya hospitali huko Minneapolis, ikageuka Jumapili ileile iliyofuata mshahara wake wa kwanza.

"Sasa nimekuwa mtu wa hapa," alisema, akaomba mkate wa kusindikizia.

Nahashon, mhasibu na mzee wa kanisa, ndiye aliyefundisha darasa la uraia baada ya chai. Alilieleza jambo hilo kama alivyoeleza kila kitu, akiwa amesimama, kikombe chake cha bati mkononi. Waingereza waliwatoza kodi walowezi wa Amerika ambao hawakuwa na mbunge hata mmoja huko London. Kwa hiyo watu wa Boston walipanda merikebuni bandarini wakamwaga chai baharini. "Chai hiyo ilitoka Uchina," alisema. "Hakuna aliyeizoa. Lazima iwe mahali."

"Na babu zangu waliotozwa kodi ya kibanda na Waingereza haohao?" Jeptoo akauliza.

"Hilo halimo kwenye mtihani."

Bernardine alikuwa na sababu ya kusikiliza. Novemba, watu wa mtaa wake wangepiga kura kuamua kama kodi ya majengo ipande au maktaba yao ifungwe. Katika maktaba hiyo yeye alijifunza kusoma Kiingereza, na binti yake Reine alikaa humo akifanya kazi za shule hadi mama yake atoke zamu. Mwenye nyumba alikwishawaambia kwamba kodi ikipanda, pango nalo litapanda.

"Yaani nitalipa mimi, waamue wao," alimwambia Murhula.

"Ndivyo ilivyo."

"Basi na mimi niamue."

Mei aliitwa kwenye usaili wa uraia. Ofisa alimuuliza kwa nini walowezi walipigana na Waingereza.

"Walikatwa kodi, na hawakuwa na wa kuwasemea."

"Sawa."

"Na sisi je?"

Ofisa akanywa kahawa yake. "Hilo halimo kwenye mtihani," alisema, bila ubaya, akampitisha.

Alikula kiapo Agosti. Jumapili iliyofuata chai yake ilikuwa tamu, tamu mno kwa mtu aliyekwisha kuzoea. Akammiminia Murhula nusu. Ilipogusa kikombe cha Murhula ikawa bahari.

"Acha," Murhula akasema. "Yangu itakuja."

Alipokuwa akiosha vyombo, Bernardine alikuta mwani kwenye kikombe cha bati. Ulikuwa mrefu kama kamba ya kiatu. Akangoja watu watoke.

"Mwalimu, wako ni mrefu kuliko wa wote."

Nahashon akautazama. "Nilikuwa nangoja Kenya iruhusu uraia wa nchi mbili."

"Iliruhusu."

"Iliruhusu. Wakati huo nilikuwa nimewafundisha watu wengi, wote wakaamini ninao uraia wa hapa. Ningekaa benchi gani?"

"Benchi la mbele. Ndilo huwa tupu."

Nahashon akakitwaa kikombe chake, akatoka. Naye Bernardine hakumwambia mtu, maana anayewapikia wageni hatangazi walichokibakiza.

Juma la kura, wenye chai ya chumvi walikuja jikoni mmoja mmoja. Mama Maombi alitaka maktaba ibaki. Murhula pia, ingawa pango lilimtisha. Kijana mmoja aliyeishi Anoka, mji mwingine, ambaye kura hiyo haikumhusu, naye alikuja kusema lake. Bernardine aliwasikiliza wote huku akimenya tangawizi, kisha Jumanne akaenda kupiga kura, nayo ilikuwa moja tu.

Maktaba ilibaki. Pango lilipanda. Chumvi nayo ilibaki, wakajifunza kuipikia maharage.

Jumapili iliyofuata Nahashon aliingia darasani, akapita mahali pake pa kusimama, akakaa kwenye benchi la mbele. Mama Maombi alisogeza mkoba wake kumpa nafasi. Bernardine akaichukua chaki, kwa kuwa mtu fulani alipaswa kuichukua.

"Kwa nini walowezi walipigana na Waingereza, Mzee Nahashon?"

Akajibu sawasawa, kwa sentensi kamili. Kisha akanyoosha kikombe cha bati.

"Niongezee chai, Maman."

"Ya maziwa au ya rangi?"

"Yoyote. Kwangu bado zote za bandarini."

Akammiminia mpaka ukingoni.