Kikuba Ndani ya Pampu

Asubuhi ya Jumanne, Jefwa, fundi wa mashine za mashua pale Mtongwe, alitandika gunia kwenye baraza ya Awadh, akaifungua pampu ya petroli, akatoa kikuba cha kuvaa kifuani. Kilikuwa cha asmini mbichi na mrehani, kimetungwa kwa uzi mwekundu. Akakiweka kando, akafuta kiwambo cha ngozi kwa tambara, akasema mashine hizi kuukuu walizoziacha wanajeshi baada ya vita zina udhia. Nyingine huziba kwa mchanga. Hii ya Awadh huziba kwa vikuba, na kila akikitoa kimoja huja kingine.

Awadh mwenyewe alikuwa ndani amelala fofofo. Usiku uliopita ulikuwa zamu ya Zubeida, mkewe mkubwa, naye alipika, akafukiza udi, akangoja weee. Mume alitokea kumekucha, pampu mkononi, akasema imemfia Kipevu, ng'ambo kwa mke mdogo, Kuluthum. Na wala si mara ya kwanza. Zamu ya Zubeida ikifika, pampu hufa.

Zubeida akakiokota kikuba. Hakikunuka petroli hata kidogo, na kilikuwa bado na joto, joto la kifua cha mtu. Jinsi kilivyoingia humo hakujali. Mashine huingia kila kitu. Lakini mwanamke hutunga kikuba kwa ajili ya usiku wa mumewe, na usiku ule ulikuwa wake yeye. Kwa wivu akaiacha chai yake ipoe.

Alasiri akamwomba Jefwa amvushe kwa makasia mpaka Kipevu.

Kuluthum alimwamkia shikamoo, akamtandikia mkeka. Zubeida hakukaa. Alifungua pindo la leso, akakitupa kikuba chini.

"Zamu zangu waziiba, Kuluthum. Na maua yako waniletea mpaka mlangoni."

Kuluthum akakitazama, akaingia chumbani, akatoka na sinia. Limejaa vikuba, vyote vya uzi mwekundu, vyote vibichi, hata vya mwezi uliopita. Fundi wa Kipevu alikuwa amevitoa kwenye pampu ileile.

"Zamu zangu mimi, pampu humfia Mtongwe," alisema. "Nilidhani ni wewe, bi mkubwa. Nimekutukana sana."

Hapo Zubeida akakaa. Wakavigeuzageuza wote wawili, fundo kwa fundo, wakitafuta kasoro, na kasoro haikuonekana.

"Huyu atushinda kutunga," Kuluthum akasema.

Zubeida aliumia kwa neno hilo kuliko kwa zamu zote alizolala peke yake, maana lilikuwa kweli tupu.

Awadh alipoulizwa, alijibu kwamba pampu imezeeka, na inshallah atatafuta nyingine. Wallahi aliitafuta, akaifunga. Siku ya pili nayo ikatoa kikuba.

Zamu ya Zubeida ilipofika tena, mashine haikugoma. Kusikia mngurumo wake ukikaribia, alikichukua kikuba cha mwisho alichopewa na Jefwa, akataka kukitupa uani, roho ikamsuta kutupa kazi nzuri namna ile. Akakivaa kifuani.

Awadh akaingia, akavuta harufu, akafumba macho. Akatabasamu tabasamu ambalo Zubeida alikuwa hajaliona tangu siku za harusi yao.

"Mwanasha," akaita.

"Abee," akaitika Zubeida, akampakulia wali.