Mishono Mitatu kwenye Suruali ya Refa

Fundi alikuwa na dhambi moja ya kikazi: hakupenda mteja aondoke dukani akijiona mbaya. Mwenye kitambi alimshonea shati la kukisitiri, mwenye mabega yaliyoteremka alimwekea pedi, na wote walitoka kifua mbele. Kwa hiyo kaka yake alipomletea suruali ya kijivu ipunguzwe kiuno, alimpunguzia na kumsifu juu.

"Umekuwa kijana, kaka."

"Mazoezi," alijibu Refa. Mtaa mzima ulimwita hivyo tangu enzi zake za kupuliza filimbi uwanjani, na sasa, akiwa na miaka hamsini na tisa, bado aliongea kama mtu asiyebishiwa. Miezi michache nyuma aliambiwa ana kisukari, akaacha soda, akaanza kuzunguka uwanja asubuhi. Kilo zilipopungua alijipongeza mwenyewe, maana aliona wengine wanachelewa kumpongeza.

Suruali ileile ilirudi mara ya pili, kisha ya tatu. Fundi hakumzungushia tepu kiunoni hata siku moja. Mwili wa kaka yake aliukadiria kwa jicho, mguu ukiwa kwenye pedali.

Mara ya nne aliileta wifi yake, mke wa Refa, ndani ya mfuko. "Anasema kiuno tena," alisema wifi. "Ila chakula anakisogeza tu kwenye sahani. Na mgongo unamuuma, anasingizia godoro."

Wifi alipoondoka, Fundi alifumua mshono wa nyuma. Fundi anayejua kazi hakati kitambaa kilichozidi. Hukikunja ndani, ili mtu akinenepa nguo ipanuliwe. Kilichokunjwa hapo kilijaa kiganja. Mistari mitatu ya uzi ilifuatana, yote ya mkono wake, yote ya miezi minne. Akapima. Inchi tano, na bado wa nne haujashonwa.

Aliiweka suruali chini. Baba yao alikonda hivi hivi. Shangazi pia. Wote wawili walitibiwa vidonda vya tumbo, na kongosho lilipokuja kutajwa, saratani ilishasambaa. Na yeye, binti wa marehemu, alikuwa amekaa hapa akikunja kitambaa na kusifu. Alijichukia kwa dakika kadhaa, kisha akafunga duka saa nne asubuhi, akaenda kwa kaka yake.

Refa hakutaka kusikia. "Daktari alisema nipungue. Nimepungua. Kosa langu liko wapi?"

"Alisema upungue inchi tano bila kula?"

"Suruali si kipimo cha hospitali."

"Kaka, nakuogopa tangu utotoni. Leo naogopa zaidi kukuzika. Vaa viatu."

Hakuwahi kusemeshwa hivyo na mdogo wake. Alivaa.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Fundi alimtandikia suruali mezani, ndani nje, akamweleza kila mstari ulishonwa lini, huku Refa akitazama dari kwa aibu. Daktari hakucheka. Alisema wengi wenye kisukari wakikonda huwa hawana jambo jingine la kutisha. Lakini kisukari kilichoanza baada ya miaka hamsini, mwili unaoisha, mgongo, halafu baba na shangazi waliokufa kwa ugonjwa mmoja, vyote kwa pamoja hakuweza kuvipita.

"Hili la familia hukulisema siku ya kwanza," alimwambia Refa.

"Niliona ni habari za marehemu."

Picha ilionyesha uvimbe kwenye mkia wa kongosho, haufiki sentimita mbili, na haujaenda popote. Alipasuliwa, akamaliza miezi sita ya dawa, akaacha na zile sigara mbili za jioni ambazo familia ilijifanya haizijui. Daktari alisema hawezi kuahidi kitu, ataendelea kumwangalia kwa miaka, lakini wamewahi. Fundi alilia kwenye korido bila kujali nani anamwona.

"Na wewe je?" daktari alimuuliza. "Baba, shangazi, sasa kaka. Ndugu wa damu kama wewe tunawaangalia kabla hawajaumwa."

Fundi aliitikia kwa kichwa, kisha akapata kazi nyingi. Zikaja sare za shule. Zikaja nguo za kwaya. Kisha akasema cherehani imeharibika, siku ambayo haikuharibika. Ukweli ni kwamba kumburuta mtu mwingine hospitali ni rahisi.

Asubuhi moja Refa aliingia dukani, akakaa kwenye benchi la wateja. Mteja wa kwanza alipofika, Refa alimwambia leo hapashonwi. Wa pili vilevile.

"Unanifukuzia watu, kaka."

"Nipo mpaka uinuke."

Fundi aliendelea kushona, mstari ukaenda upogo. "Wakikuta kitu je?"

Refa alisogeza benchi karibu na cherehani. "Watakikuta kikiwa kidogo. Changu kilikutwa kidogo, ndiyo maana nimekaa hapa."

"Naogopa."

"Mimi niliogopa mwezi mzima kabla hujanifuata," alisema. "Nilijiona kwenye kioo nikamkumbuka baba. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Ungechelewa kuja, ningekufa nimenyamaza."

Fundi alimtazama huyu mtu aliyemwogopa maisha yake yote. Kisha akazima cherehani, akachukua mkoba, akamuuliza kama kliniki imeshafunguliwa.